Kusafiri na Watoto Wadogo Katika Nchi ya Ziwa

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima. Limetayarishwa na kusomwa na Afisa Elimu, Ilemela.

Mwenyekiti wa kikundi na ahakikishe kila mtu amepata mahali pa kukaa. Akina mama wenye watoto wakae karibu na mlango penye hewa, maana somo la leo lawahusu wao kwanza, na mtoto akilia haidhuru.

Leo nataka tuzungumze habari ya safari. Sina maana ya safari ya msiba, wala safari ya kwenda Bugando kumwangalia mgonjwa, wala ile ya kumpeleka kijana shule ya bweni. Safari hizo twazijua sana, na fedha zake hupatikana hata kama hazipo. Nasema safari ya baba na mama na watoto wao wadogo, ya kwenda kuitazama nchi, kulala huko siku 4 au 5, kisha kurudi nyumbani bila mgonjwa na bila deni. Najua wengine mmekwisha kucheka. Mwasema hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini nawaulizeni: katika kikundi chenu, ni watu wangapi wamepata kuwapeleka watoto wao kisiwa cha Saanane, ambacho twakiona kila siku tukienda mjini? Na wangapi wamefika Ukerewe bila kuitwa na shughuli?

Nchi yetu hii ya Ziwa haitembelewi sana na wageni. Wengi hushuka katika uwanja wa ndege ulio hapa hapa Ilemela, wakaingia motokaa, wakaenda zao Serengeti. Ndiyo desturi tangu zamani: Speke, yule Mwingereza, aliliona Ziwa hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akakaa siku chache tu akarudi zake. Wageni wakituruka, hasara ni ya fedha. Sisi wenyewe tukiiruka nchi yetu, watoto wetu watakua wakijua jina la kila mchezaji mpira wa Ulaya, lakini hawajui upande wa pili wa maji wanayoyanywa.

Jambo la kwanza ni mwendo. Mtu mzima akisafiri huhesabu kilometa. Mtoto wa miaka 3 hana habari na kilometa. Yeye ajua njaa, usingizi, joto na mkojo. Hiyo ndiyo ratiba yake, na mzazi asiyeifuata atafuatwa na kilio mpaka Bunda. Kwa hiyo kila siku ifanywe safari moja tu, nayo iwe ya asubuhi. Asubuhi mtoto amelala vya kutosha na jua si kali. Tena chombo kisipokuja, au gari likiharibika njiani, bado mna mchana mzima wa kutafuta njia nyingine. Baada ya chakula cha mchana watoto walale, na wazazi walale pia. Jioni mtembee kidogo kwa miguu, mle mapema, muingie ndani ya chandarua. Na kila mahali mlale siku 2. Usiku wa kwanza mtoto mdogo hulala vibaya kwa sababu kitanda ni kigeni na sauti ni ngeni. Usiku wa pili hulala fofofo. Wazazi wanaohama kila siku humpa mtoto usiku wa kwanza kila siku, kisha husema mtoto huyu ni mtundu.

Msianze na safari ndefu. Fanyeni kwanza ya majaribio, ya siku moja, na hapana mahali bora kuliko Saanane. Kisiwa hicho kilipewa jina la mtu aliyekaa pale akivua na kulima. Mwaka 1964 ikafanywa bustani ya wanyama, na tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Ukitoka mjini kwa boti ni dakika chache tu. Wako swala pala, tumbili, na pimbi wanaoota jua juu ya mawe. Lakini ninyi wenyewe mtaona kwamba mtoto mdogo hatamjali sana swala. Atamjali mjusi wa mawe, yule dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, anayepiga pushapu kama askari. Mwacheni amtazame nusu saa nzima, hakuna haraka. Watoto wa chini ya miaka 5 hawatozwi kiingilio katika hifadhi za taifa, kwa hiyo hata akimtazama mjusi siku nzima hamtapata hasara.

Faida ya jaribio hili ni kujifunza mambo yenu ninyi. Je, mtoto anakubali kuvaa jaketi okozi, au anapigana nalo? Anatapika chomboni? Amekunywa maji kiasi gani? Mkoba wenu mlioubeba, mlitumia vitu gani, na vitu gani mlivizungusha tu mpaka mabega yakauma? Yaandikeni hayo. Mimi naona nusu ya mizigo ya safari ni hofu tu iliyofungwa katika begi.

Safari ya pili ya majaribio, kwa wenye watoto waliokwisha kuanza kuuliza maswali, ni Bujora, pale Kisesa, katika barabara ya Musoma. Daladala hufika Kisesa, na kutoka hapo si mbali. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko pale yalianzishwa na Padri David Clement, mtu wa Kanada, wa shirika la White Fathers, pamoja na wazee wa Kisukuma. Mtaona ngoma za watemi na vyombo vya nyumbani ambavyo bibi zetu walivitumia. Mwezi wa Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, huwa na Bulabo, mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Hapo watu ni wengi mno. Mzazi na aandike namba yake ya simu kwa kalamu ya wino katika mkono wa mtoto, juu ya kiwiko mahali pasipofutika upesi. Mtoto aliyepotea aghalabu husahau hata jina la baba yake. Hujibu "Baba" tu.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Mimi napendekeza Ukerewe kwa meli, kisha kurudi kwa njia ya Rugezi, Kisorya na Bunda, mkipitia Butiama. Huo ni mzunguko wa siku 5 au 6, haurudii njia moja mpaka mwishoni, na hakuna siku ndani yake yenye mwendo wa kumchosha mtoto. Ukerewe ni kisiwa cha kilometa za mraba 530 hivi, kikubwa kuliko visiwa vyote vya maji baridi Afrika. Meli za Nansio hutoka Bandari ya Kaskazini hapa Mwanza, nazo huchukua muda wa saa 3 hivi, au zaidi zikiwa za polepole. Siku na saa za kuondoka hubadilika, kwa hiyo mtu aende bandarini siku moja kabla akaulize kwa mdomo wake. Asitegemee maneno ya jirani.

Hapo nataka tusimame kidogo, maana habari ya maji siwezi kuipita mbio. Sisi wa Mwanza hatuna haja ya kufundishwa huzuni yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza, wakafa mamia ya watu, na makaburi yao yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka kikielekea Ukara, karibu kabisa na kufika. Ilikuwa siku ya gulio. Wakafa watu zaidi ya 220, na watoto walikuwamo. Hesabu hizo mbili, 101 na 220, zitazameni vizuri. Waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya wote walioruhusiwa kupanda.

Kwa nini chombo hupinduka? Wengi husema ni wimbi, au ni ajali ya Mungu. Fanyeni jaribio hili sasa hivi hapo mlipo. Chukueni karai, mlijaze maji. Elezeni bakuli juu yake. Tieni mawe madogo ndani ya bakuli, chini kabisa, kisha mlisukume ukingoni kwa kidole. Litayumba, kisha litarudi mahali pake. Sasa toeni mawe, na badala yake msimamishe kopo refu lililojaa maji katikati ya bakuli lile lile. Lisukumeni kwa kidole kile kile. Mnaona? Bakuli lainama, kopo laangukia upande ule ule, na mambo yamekwisha. Uzito haukuzidi sana; uzito umepanda juu. Watu waliosimama juu ya sitaha ndio kopo. Magunia ya mahindi yaliyopangwa juu ndiyo kopo. Na chombo kinapokaribia kufika, watu wote wakikimbilia upande mmoja ili washuke wa kwanza, wamelisogeza kopo mpaka ukingoni. Ndiyo sababu ajali nyingine hutokea nchi kavu ikiwa inaonekana.

Basi, ewe mzazi, kabla ya kupanda soma idadi iliyoandikwa, au uulize. Kuuliza si utovu wa adabu. Waweza kusema, "Shikamoo nahodha. Chombo hiki kimeruhusiwa abiria wangapi? Na majaketi ya watoto mnayo?" Nahodha mwema hujibu bila kukasirika. Akikasirika, amekwisha kukujibu. Ukiona watu wamejaa mpaka hapana pa kuweka mguu, shuka na wanao. Watakucheka, watasema una maringo, na nauli ya siku hiyo labda utaipoteza. Mtalala Mwanza usiku mmoja zaidi, mtakula wali maharage, na kesho mtapanda chombo kingine. Gharama yenyewe ndiyo hiyo tu, na ningependa kila familia iitenge fedha yake mapema, katika bahasha yake peke yake, ili siku ya kuikataa safari pasiwe na ubishi kati ya mume na mke.

Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Mvishe, ulifunge, kisha umwambie anyanyue mikono, nawe ulishike mabegani ulivute juu. Likipanda mpaka masikioni, majini litamtoka kichwani. Jaketi jema la mtoto mdogo lina mkanda unaopita kati ya miguu. Wenye uwezo wanunue la kwao wenyewe; hutumika kwa mtoto wa kwanza, wa pili na wa tatu, na laweza kuazimwa na majirani kama sufuria kubwa ya shughuli. Kikundi chenu hata chaweza kununua mawili ya pamoja.

Na kuna habari ya mbeleko. Hii haisemwi mara nyingi, na akina mama watanisamehe. Mbeleko ni kitu kizuri sana nchi kavu. Chomboni, mtoto afunguliwe apakatwe, akiwa na jaketi lake mwenyewe. Mama akitumbukia majini na mtoto amefungwa mgongoni, mama aweza kuelea huku uso wa mtoto uko ndani ya maji, na fundo la khanga iliyolowa halifunguki kwa mikono inayotetemeka. Kadhalika gaweni watoto mapema: mtoto huyu ni wa baba, huyu ni wa mama, huyu ni wa shangazi. Watoto 4 kwa watu wazima 2 ni wengi kwa safari ya maji. Mwiteni shangazi au mjomba kijana, mmlipie nauli. Kaeni chini, karibu na katikati, mahali penye mlango wazi. Msiwafungie watoto katika chumba ili wasisumbue.

Tena sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ziwa hili lina kilometa za mraba karibu 69,000, nalo hujitengenezea hali yake lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa baridi huteremka ziwani kutoka pande zote, hukutana katikati, hupanda juu, na hapo huzaliwa mvua za radi ambazo wavuvi wetu wanazijua. Mchana upepo hugeuka, hutoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri mawimbi huwa makubwa. Asubuhi aghalabu ni afadhali, lakini mkiona wingu jeusi lenye umeme upande wa maji, ngojeni. Miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, ndiyo niipendayo kwa safari ya watoto. Barabara ni kavu, na kuna likizo ya shule ndani yake kwa wale wakubwa.

Haya, tumefika Nansio. Msikimbilie kutembea. Tafuteni kwanza nyumba ya wageni, na kabla ya kulipa ingieni chumbani mtazame. Chandarua kipo? Kina matundu? Kinafika chini ya godoro pande zote? Mikoa ya Ziwa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi Tanzania, na mtoto wa chini ya miaka 5 ndiye huumia zaidi. Mimi husema chukueni chandarua chenu wenyewe, pamoja na kamba na misumari 2. Ni mzigo mwepesi kuliko homa. Mtoto akipata homa safarini, msingoje kurudi nyumbani. Apimwe siku hiyo hiyo katika zahanati iliyo karibu, na kadi yake ya kliniki iwe mkobani. Kadi hiyo wazazi wengi huiacha kabatini, nayo ndiyo hati kubwa kuliko zote.

Ukerewe ni mahali pa taratibu. Kuna machungwa mengi na mananasi, mihogo mashambani, na mpunga mabondeni. Kwa mtoto mdogo matembezi ya kutosha ni kwenda kuangalia dagaa wanavyoanikwa, au kupanda vilima vya mawe vya Handebezyo taratibu, mkipumzika kila penye kivuli, hata mfike mahali ambapo ziwa laonekana pande zote. Bukindo, karibu na Nansio, iko nyumba kubwa ya watemi wa zamani. Wenye kupenda vitabu wakumbuke kwamba kisiwa hiki ndicho cha mzee Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliohangaika kutafuta mtoto. Kitabu chake hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, naye akafariki mwaka 1981. Mtu aliyekaa miaka 35 akingoja kitabu chake anatufundisha subira sisi tunaokasirika meli ikichelewa nusu saa.

Chakula cha watoto hakitawasumbua. Uji katika chemsha ya chai, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, mihogo, na dagaa waliokaangwa wakakauka. Sangara ni mzuri kwa mtoto kwa kuwa mifupa yake ni mikubwa, yaonekana. (Yeye mwenyewe ni mgeni, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu wengi sana. Lakini hayo ni somo la siku nyingine.) Sato mchambueni kwa vidole vyenu, si kwa macho. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa, au ya chupa iliyofungwa. Chukueni pakiti 4 za ORS. Mtoto akiharisha, pakiti moja hukorogwa katika lita moja ya maji safi, si katika kikombe, na hunyweshwa kidogo kidogo kila mara; akitapika, ngojeni dakika 10, mwanze tena polepole kwa kijiko. Zahanati itawapa na vidonge vya zinki. Akilegea, macho yakidumbukia, au akishindwa kunywa, hapo hakuna tena habari ya matembezi. Apelekwe mara moja.

Kuna jambo la kuoga ziwani. Ufukwe wa Ukerewe unavutia, na watoto watalia kutaka kuingia. Nasema hapana, na sababu yake ni kichocho. Mtu mwenye ugonjwa huo akijisaidia karibu na maji, mayai ya minyoo huingia majini, huanguliwa, huingia katika konokono wadogo wakaao penye majani na maji yaliyotulia. Kutoka kwa konokono hutoka viluwiluwi vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hutoboa ngozi ya mtu kwa dakika chache, hasa wakati wa jua la mchana. Mtoto haoni kitu, labda huwashwa kidogo. Kwa hiyo lile jua zuri la saa 6, na yale maji ya kina kifupi yenye vuguvugu ambayo mzazi huyaona ni salama kwa mtoto kwa sababu hayamzamishi, ndiyo mabaya zaidi. Kujifuta upesi kwa taulo hakutoshi kuwa kinga. Waogesheni watoto kwa ndoo, kwa maji yaliyopashwa moto mpaka yakachemka yakapoa, au yaliyokaa katika tangi siku 2, maana viluwiluwi hivyo huwa vimekufa. Na mtoto aliyekwisha kuingia ziwani asipigwe. Baada ya miezi 2 apelekwe akapimwe, kwa kuwa dawa ipo.

Watu huniuliza, je, tufike Ukara kuona lile jiwe linalocheza? Mkiwa na mtoto wa kubebwa, mimi naona lingoje. Litakuwapo tu.

Siku ya kuondoka, nendeni Rugezi. Hapo msikubali kupanda pikipiki moja familia nzima, ule mshikaki wa baba, mama na watoto 2 na begi mbele, lipieni gari. Kivuko cha Rugezi hadi Kisorya huchukua chini ya saa moja, na maneno yote ya chombo niliyoyasema yanahusika hapa pia. Mkiwa ndani ya gari, teremkeni garini kabla kivuko hakijaondoka. Kutoka Kisorya mpaka Bunda ni safari ya barabara. Mtoto anayetapika garini akae mbele dirishani, atazame mbali, asipewe simu ya kuangalia katuni, na asile vitu vya mafuta asubuhi hiyo. Mfuko wa plastiki haufai tena, maana mifuko ya kubebea imepigwa marufuku tangu mwaka 2019. Chukueni kopo lenye kifuniko.

Kutoka Bunda mtafika Makutano na kugeukia Butiama. Pale Mwitongo ndipo alipozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, na makumbusho yake yako hapo. Watoto wadogo hawatafahamu habari za uhuru, na si lazima. Wana nafasi ya kukimbia kati ya mawe, na mwenye miaka 6 aweza kuambiwa kwamba mtu mkubwa yule alizaliwa katika kijiji hiki mwaka 1922, akachunga mbuzi hapa. Atauliza, "Mbuzi wangapi?" Mjibuni mnavyoweza.

Kutoka Butiama kurudi Mwanza mtapita mlango wa Ndabaka, ambapo Serengeti yakaribia kabisa kugusa ziwa. Wenye fedha na motokaa waweza kuingia asubuhi moja tu, saa 3 au 4, kisha watoke. Wakati wa mvua udongo wake mweusi hunata, usijaribu. Huko kuna mbung'o, nao hupenda nguo za buluu na nyeusi. Wavisheni watoto rangi ya khaki au nyeupe. Siku nzima katika gari kumtafuta simba ni adhabu kwa mtoto wa miaka 2, na wasio na fedha hizo hawajakosa kitu kikubwa; punda milia mara nyingine huonekana kutoka barabarani.

Kuna njia nyingine kwa wale watakaopenda zaidi, nayo ni upande wa magharibi. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwatesa wenye watoto imekwisha. Twaweza kwenda Sengerema, Geita, Chato, mpaka Bukoba kwa barabara, tukilala njiani mara 2. Au kwa meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ikatengenezwa upya na kurudi majini mwaka 2020. Hiyo husafiri usiku, na mtoto aliyezoea kulala mapema huifaidi kuliko wazazi wake. Bukoba ndizi zao ni laini, hata asiye na meno hula. Rubondo, kisiwa cha hifadhi chenye sokwe walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya katika miaka ya 1960, kiacheni mpaka watoto waweze kutembea msituni saa nyingi bila kubebwa. Na mkitaka kuvuka mpaka wa Mutukula kwenda Uganda, kila mtoto awe na hati yake ya safari, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa aliyetimiza mwaka 1. Mzazi anayevuka peke yake na watoto achukue barua ya mwenzake.

Sasa habari ya fedha, maana naona mwenyekiti anaangalia saa. Fanyeni kama mnavyofanya kwa harusi: hesabuni kwanza, changeni baadaye. Nauli, malazi, chakula, kiingilio, na ile bahasha ya kuikataa meli. Gaweni kwa miezi 10. Kikundi cha familia 5 mkiweka kila juma katika kikoba, familia moja yaweza kusafiri kila likizo, na hiyo ya kwanza ikirudi iwasimulie wengine bei halisi. Wazee wetu wa mikoa hii wanakumbuka mradi wa kisomo wa UNESCO wa mwaka 1968 hadi 1972, ambao watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba na uvuvi. Daftari la safari la kikundi ni kitabu cha namna hiyo hiyo.

Kazi ya juma hili. Kila kikundi kichague watu 2, mmoja aende Bandari ya Kaskazini na mmoja aende mahali pa boti za Saanane. Waulize nauli ya mtu mzima na ya mtoto, siku za safari, idadi ya abiria, na kama majaketi ya watoto yapo, ya ukubwa gani, mangapi. Wasikubali kuambiwa tu, wayaone. Mtoto mmoja wa kikundi avishwe hapo hapo, avutwe mabegani kama nilivyoeleza. Majibu yaandikwe katika daftari, na maswali yenu yaletwe ofisi ya Elimu ya Watu Wazima, Buswelu, kabla ya kipindi kijacho.

Mwangaluka kwa wale mnaosikiliza asubuhi, na mwadila kwa mnaosoma mchana.